Mdoli Asiye na Babu

Mdoli alitoka kwenye robota la mitumba la Dulla, sokoni Kyela. Alikuwa wa plastiki, mashavu mekundu, nywele zimenyonyoka upande mmoja, na macho yake yalijifumba kila alipolazwa. Dulla alimshika mguu, akamning'iniza kichwa chini na kumtazama Daktari Sylvester.

"Daktari, mke huna, mtoto huna. Mdoli wa nini?"

"Ni mgonjwa wangu."

"Basi mkimbize wodini, maana huyu tangu Ulaya hajapumua!"

Wenye vibanda vya jirani wakacheka. Sylvester alimfunga mdoli kwenye gazeti, akapanda baiskeli kurudi kituo cha afya, njia ya Ipinda, mvua ikimpiga mgongoni.

Alikuwa mtu wa Singida, ametoka chuoni mwaka uleule. Alipoletwa Kyela alidhani adui yake angekuwa upungufu wa dawa. Kweli dawa zilipungua kituoni, ingawa siku hizo zilijaa madukani, zimepangwa kando ya sabuni na betri, na kila mzazi aliwanunulia wanawe vidonge kabla ya kufikiria kituo. Lakini masika yale ya kwanza Sylvester aliona jambo jingine. Aliona mtoto mchanga akifa katika chumba cha kupokelea wagonjwa huku watu wanne wakimkimbilia. Sista Marta alikimbilia oksijeni. Hezroni, mhudumu, naye alikimbilia oksijeni. Wakagongana mlangoni. Ambu, ule mpira wa kumkamulia pumzi mtu asiyepumua, ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kunywa chai. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alikimbia kwa nguvu zake zote, ila kila mmoja alikimbia njia yake.

Sylvester hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Kisha akaenda kumnunua mdoli.

Alimpasua mgongoni kwa kisu cha upasuaji, akapitisha mrija kutoka mdomoni hadi kifuani, na mwisho wa mrija akafunga glavu ya mpira. Ukimlaza mdoli, ukainua kidevu chake sawasawa na kukamua ambu juu ya mdomo wake, glavu ilijaa na kifua kikanyanyuka kama cha mtoto aliyelala. Ukikosea kushika kichwa, hewa ilitokea mgongoni kwa sauti ya aibu.

"Mzungu amejamba!" Hezroni alipiga kelele siku ya kwanza, na tangu siku hiyo mdoli akaitwa Mzungu.

"Cheka tu," Sylvester alisema. "Lakini akijamba, mtoto amekufa."

 Sista Marta, mama wa makamo aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya kanisani kwao, alimzunguka mdoli taratibu, mikono nyuma.

"Kumbe ni kwaya," alisema. "Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bezi. Kila mtu na mahali pake."

"Ndiyo, Sista. Hasa."

"Basi tufanye mazoezi. Kwaya haifundishwi siku ya Krismasi."

Wakafanya. Ambu ilitolewa kabatini, ikatundikwa msumarini karibu na mlango. Neno la kuitana likawa moja tu: "Mtoto!" Ukilisikia, unaacha ulichoshika na kukimbilia mahali pako. Hezroni alisimama ubavuni kubonyeza kifua. Marta alikuwa na trei ya dawa, ndiye pia aliyetazama saa na kutaja muda. Sylvester alitafuta mshipa na kutoa amri, na kila amri ilirudiwa kwa sauti na aliyepewa, ili isibaki kubahatisha kama imesikika. Kichwani alisimama Asifiwe.

Asifiwe alikuwa muuguzi kijana, mke wa Yohana, mkulima wa mpunga na kokoa. Mikono yake ilikuwa midogo na haikutetemeka. Yeye ndiye aliyechukua ambu msumarini, akaibana barakoa usoni pa mdoli kwa vidole vya mkono mmoja, na kukamua kwa mkono wa pili huku akihesabu, "Kamua, mbili, tatu. Kamua, mbili, tatu." Mikononi mwake Mzungu hakujamba hata mara moja.

"Na mimi nijaribu kichwani," Hezroni aliomba siku moja.

"Kila mtu aive kwanza mahali pake," Sylvester alimjibu. "Kubadilishana kutakuja baadaye."

Siku nyingine Marta alisimamisha zoezi katikati. "Daktari, na ndugu je?"

"Ndugu gani?"

"Wa mgonjwa."

"Ndugu wako nje, Sista."

"Huku ndugu hawakai nje. Mtoto wao anakufa, wakae nje wakifanya nini?"

"Katika zoezi wako nje," Sylvester alisema kwa upole, akiitazama saa yake. "Tuendelee. Mtoto!"

Wakaendelea.

Kabla mvua hazijapungua, mama mmoja wa Talatala alileta mwanawe aliyekuwa amepigwa na degedege mpaka pumzi ikakata. Mama alimweka mezani, akaanguka ukumbini. "Mtoto!" Hezroni aliita, na wote wanne wakawa kila mmoja mahali pake, bila kugongana. "Kamua, mbili, tatu." Mtoto yule alilia. Alilia kwa hasira, akimkojolea Hezroni mkono mzima. Marta aliinua sauti akaimba ubeti mmoja wa sifa pale pale, trei mkononi, na Asifiwe akatoka nje kufuta machozi ili wasimwone. Jioni ile alirudi nyumbani akihisi kwamba watoto wa Kyela wangeweza kuacha kufa. Si wote. Lakini kwamba mtu angeweza kujifunza kuwazuia, kama mtu anavyojifunza kushona.

*

Nyumbani kwa Yohana kulikuwa na nyumba tatu katika migomba. Moja ya Yohana na Asifiwe, moja ya kaka yake Yohana, na ile kubwa, yenye kibaraza, ya Mzee Yakobo, baba yao.

Asifiwe hakuwahi kumwona Mzee Yakobo usoni. Kwa Wanyakyusa wa mji ule mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Halitaji jina lake, hasemi mzee akasikia, hakai naye chini ya paa moja. Akisikia anakuja, hutoka njiani, huchuchumaa na kujifunika kanga kichwani hadi apite. Na mzee mwenye adabu hukohoa kabla hajafika kona, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Vijana wengine wa mjini walikuwa wameanza kulegeza, lakini si kwa Mzee Yakobo. Tangu siku alipoletwa bibi harusi, Asifiwe alimfahamu baba mkwe wake kwa kikohozi chake, kwa pindo la koti lake jeusi, na kwa miguu yake mipana yenye nyufa za tope la mpunga.

Lakini walisemezana. Walisemezana kupitia kwa Atupele.

Atupele alikuwa binti wa kaka yake Yohana, umri wa kung'oka meno ya kwanza. Mama yake alifanya biashara ya mitumba. Alipanda meli bandarini Itungi na marobota yake kwenda Mbamba Bay, akakaa huko mpaka auze, na mtoto akabaki kwa babu na bibi. Jioni mzee aliketi kibarazani, Asifiwe akiwa jikoni kwake nyuma ya ukuta wa matete, na mzee akamwambia mtoto kwa sauti ya kutosha kufika jikoni:

"Mwambie mama yako mdogo samaki wa leo walikuwa watamu."

Atupele alikimbia hatua chache. "Mama mdogo, babu anasema samaki watamu."

"Mwambie babu, ndaga fijo, asante sana," Asifiwe alimnong'oneza.

"Babu, anasema ndaga fijo. Na mimi nimeleta maneno, nipe muwa."

Mtoto alikuwa ameligeuza jambo lile kuwa kazi yenye malipo. Mara nyingine aliongeza maneno yake mwenyewe. "Babu anasema unishonee gauni," alisema siku moja, na kibarazani mzee akacheka mpaka akapaliwa, na nyuma ya matete Asifiwe akaziba mdomo kwa kanga ili kicheko chake kisisikike. Gauni alilishona. Lilikuwa jekundu, kutoka kitambaa cha pazia la mitumba.

Yohana aliwahi kumwambia, "Baba anakupenda kuliko anavyonipenda mimi. Bahati yako hamjaonana."

*

Asubuhi ile ya mwezi wa tano ilikuwa na manyunyu. Asifiwe alipita njia ya nyuma, katikati ya mikokoa, kuelekea kazini. Alisikia kikohozi mbele yake. Akatoka njiani, akachuchumaa nyuma ya mgomba, kanga kichwani, akingoja mzee apite.

Mzee hakupita. Alikohoa tena. Asifiwe aliona miguu yake imesimama kwenye tope, ikageuka kushoto, ikageuka kulia, kama ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Akakohoa mara ya tatu, akavuta pumzi kana kwamba atasema. Kisha miguu ikarudi ilikotoka, polepole.

Asifiwe alidhani anatafuta mbuzi. Alisimama, akakung'uta magoti, akaenda zake. Alikuwa karibu na barabara alipokumbuka kwamba Atupele hakuja kumsindikiza hadi kwenye mti wa chikichi kama kawaida yake. Amelala, alijisemea. Mvua ni tamu kulalia.

Hakuwaza kwamba mzee alikuwa na neno la kumwambia na hakuwa na wa kumtuma, kwa sababu mjumbe ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Kumbe Atupele alichemka usiku kucha. Bibi alimpa vidonge vilivyonunuliwa dukani kwa Muksini, vilivyobaki tangu homa iliyopita, akaenda shambani kuwahi kufukuza ndege mpungani, akijua homa itashuka jua likipanda. Haikushuka. Yohana na kaka yake walikuwa wamekwenda Ipinda kuuza mpunga kwa wafanyabiashara waliokuja na malori. Adhuhuri mtoto alikaza mwili, macho yakageuka. Mzee Yakobo alimfunga mgongoni kwa shuka, kama mwanamke, akatoka mbio kwenye matope.

Asifiwe alikuwa akitoa dawa dirishani aliposikia sauti ya Hezroni.

"Mtoto!"

Aliacha vidonge vikimwagika. Alifika mlangoni, mkono ukanyakua ambu msumarini bila kuangalia, akaingia. Marta alikwisha shika trei. Hezroni alikuwa ubavuni, mikono tayari. Sylvester alikuwa ameinamia mkono wa mtoto akitafuta mshipa. Mahali pa kichwani palikuwa wazi, panamngoja yeye.

Alilifahamu gauni kabla hajaufahamu uso. Kisha akaona kwamba miguu ya mtoto imeshikwa na mikono miwili mikubwa, na juu ya mikono kuna mikono ya koti jeusi, inachuruzika maji.

Asifiwe hakuamua. Baadaye alijaribu kuitafuta ile nukta aliyoamua, hakuipata. Kwa mdoli alikuwa amefanya mazoezi msimu mmoja wa masika. Kwa koti lile alikuwa amefanya mazoezi kila siku ya ndoa yake, asubuhi na jioni, mpaka magoti yake yakajua kazi yao yenyewe. Magoti yalikunjika. Kanga ilipanda kichwani. Akageuka, akatoka, akachuchumaa ukumbini kando ya mlango, uso ukutani.

Ambu ilikuwa mkononi mwake.

Ndani, kila mtu alikuwa mahali pake.

"Dakika moja," Marta alitaja muda, kama walivyozoea.

"Mshipa nimeupata," alisema Sylvester. "Kichwani, anza pumzi."

Hakuna aliyerudia amri.

"Kichwani! Anza pumzi!"

Hezroni alitazama mahali patupu. Alikuwa amefundishwa kubonyeza kifua baada ya pumzi za kwanza, hivyo akangoja pumzi za kwanza, mikono yake ikielea juu ya gauni jekundu.

"Asifiwe yuko wapi? Ambu iko wapi?" Sylvester aliinua macho. Msumari ulikuwa mtupu. Aliacha sindano, akakimbilia kichwani, akainama kupuliza kwa mdomo wake mwenyewe, lakini meno ya mtoto yalikuwa yamekaza, na hewa ilimrudia shavuni. "Asifiwe!"

Marta ndiye aliyeelewa. Alimtazama mzee, akautazama mlango, na uso wake ukabadilika.

"Tata, tokeni nje!" alimwambia mzee kwa wingi wa heshima, kama mtu na baba yake. "Tokeni upesi!"

"Mtoto wetu haachwi peke yake," Mzee Yakobo alijibu, akaikaza ile miguu midogo. "Mimi ndiye niliyekuja naye. Nikitoka, atajua nimemtupa."

"Tata, mkamwana wenu ndiye mwenye pumzi! Yuko pale nje, anawakimbia ninyi!"

Mzee aligeuka. Kupitia mlangoni aliona pindo la kanga na kisigino cha mwanamke aliyechuchumaa. Alisimama kama mtu aliyepigwa. Mlango wa kutokea ulikuwa ule mmoja, na katika mlango huo ndipo alipokuwa mkamwana. Asingeweza kutoka bila kumpita.

Basi aliiachia miguu ya mtoto. Alivua koti lake lenye maji, akajifunika nalo kichwa na uso mzima, akaenda kwenye kona ya chumba na kugeukia ukuta.

"Sipo," alisema ndani ya koti, kwa sauti ya kutosha kufika ukumbini. "Mwambieni sipo. Sipo hapa!"

Asifiwe aliingia ameinama, karibu kutambaa. Akashika kichwa. Akainua kidevu. Vidole vyake vilibana barakoa sawasawa, havikutetemeka, na alipokamua, kifua kilinyanyuka chini ya kitambaa cha pazia. Hezroni akaanza kubonyeza. Dawa ilipita mshipani. Amri zilirudiwa, ila Asifiwe alihesabu kwa midomo tu, bila sauti. Marta alitaja muda, akautaja tena, na sauti yake ikaendelea kupungua kila alipoutaja. Kwa mikono walifanya kila kitu kama walivyofundishwa. Walifanya vizuri kuliko walivyowahi kumfanyia mdoli.

Mwishowe Marta aliweka trei chini, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Asifiwe.

"Acha, mwanangu."

Asifiwe alikamua mara moja zaidi. Kifua kilipanda, kikashuka, kikabaki chini.

Kwenye kona, koti lilitetemeka. Hakuna aliyemwambia mzee. Alikwisha kusikia kimya.

*

Sylvester alimwambia Asifiwe kwamba damu ya mtoto ilikuwa nyepesi kama maji, kwamba malaria ilikwisha panda kichwani, kwamba huenda asingepona hata kwa mikono ya nani. Alisema kweli. Lakini alisema akitazama sakafu, na neno "huenda" lilikaa rohoni mwa Asifiwe likakataa kutoka.

Msibani, wanawake walikaa upande wao wa migomba na wanaume upande wao. Mama yake Atupele alifika siku iliyofuata mazishi, meli ikiwa imechelewa, bado amebeba viatu vidogo vya plastiki alivyovileta zawadi. Alivishika tu. Asifiwe hakuweza kumwendea.

Jambo lililomwumiza zaidi halikuwa lawama. Hakuna aliyemlaumu. Jioni, mama mkwe wake aliwaambia majirani, huku akisonga ugali wa matanga:

"Mkamwana wetu huyu ana heshima. Hata siku ile, mtoto yuko mezani, hakusahau. Alimkimbia mkwe wake kama ipasavyo."

"Kalelewa," mwanamke mmoja alisema.

"Wa siku hizi wako wapi wa namna hiyo?"

Asifiwe alisimama, akaenda nyuma ya nyumba ili asiwasikie.

Alimweleza Yohana usiku uliofuata, na mumewe akasikiliza hadi mwisho. "Ungebaki pale," alisema, "wangesema umemvulia baba adabu mbele ya watu."

"Na mtoto?"

Yohana aliizima taa.

Jioni zilipita bila neno. Mzee aliketi kibarazani, Asifiwe alipika nyuma ya matete. Samaki waliliwa, na hakuna aliyesema kama walikuwa watamu. Ule ukuta wa matete, ambao mtoto aliupita mbio mara mia, sasa ulikuwa ukuta.

Kituoni, Asifiwe aliomba kuhamia kliniki ya kupima uzito. Alipopita mlango wa chumba cha kupokelea wagonjwa aligeuza uso. Mdoli alikuwa ndani ya boksi juu ya kabati. Ambu ilirudi msumarini, lakini hakuna aliyekuwa amepewa mahali pa kichwani.

"Nitamchoma huyu mdoli," Sylvester alimwambia Marta. "Nilidhani nawafundisha kuokoa. Nimewafundisha kusimama na kungoja."

"Hukuwafundisha vibaya," Marta alisema. "Ila mtoto wako ulimfanya yatima. Anazaliwa mezani, anafia mezani, hana hata shangazi. Na mimi niliona, nikanyamaza. Ni vitu tunavyoishi navyo, Daktari. Nani hukumbuka kuvitaja?"

*

Mzee Yakobo alikuja kituoni mvua zilipokuwa zinaisha. Aliketi kwenye benchi ukumbini, kofia magotini, mpaka Sylvester alipotoka. Asifiwe alikuwa kliniki, upande wa pili wa jengo. Alisikia kikohozi, akasimamisha mizani.

"Daktari, mwanangu," mzee alisema. "Nimesikia mna mtoto mnayemfanyia mazoezi."

Sylvester aliona aibu. "Ni mdoli tu, baba. Wa plastiki."

"Nataka kumwona."

Sylvester alilishusha boksi. Mzee alimpokea mdoli kwa mikono miwili, jinsi watu wanavyompokea mtoto wa mwenzao. Alimlaza mkononi. Macho ya mdoli yakajifumba. Mzee alishtuka, akamwinua, yakafumbuka, akamlaza tena.

"Huyu nani humleta hapa akiugua?" aliuliza.

"Hakuna, baba. Huwa yuko mezani tayari."

"Mtoto hajileti," mzee alisema.

Alikaa akimtazama. Kisha, bila kuomba ruhusa, alisimama, akaacha kofia benchini, akatoka nje kwenye manyunyu akiwa na mdoli kifuani. Alikwenda hadi kwenye lango, akageuka, akarudi. Hakukimbia. Lakini alikuwa akipumua kama mtu anayekimbia, na alipofika mlangoni Hezroni aliyekuwa akipiga deki aliuona uso wake, akaacha ufagio ukaanguka.

"Mtoto!" Hezroni aliita.

Marta alitoka na trei. Sylvester akafika. Mzee alimlaza mdoli mezani, akaishika miguu yake ya plastiki, akasimama papo hapo. Mahali pa kichwani palikuwa wazi.

Asifiwe alikuja. Hakujua kama ni mtoto wa kweli. Neno lilikuwa lilelile, na miguu yake ilikimbia kabla ya moyo. Alinyakua ambu. Akaingia. Akaliona koti.

Magoti yakakunjika. Akatoka, akachuchumaa ukumbini, uso ukutani, ambu mapajani, kama siku ile. Kama siku ile hasa. Akaanza kulia bila sauti.

Ndani kila mtu alibaki mahali pake. Marta hakutaja muda. Mzee Yakobo aliiachia miguu ya mdoli. Taratibu, alivua koti, akajifunika kichwa, akageukia ukuta wa ile kona. Na kutoka ndani ya koti akaanza kusema, si na Daktari wala na Sista. Alisema na mdoli, kwa sauti ile ya kibarazani, ya kutosha kufika jikoni.

"Mwambie mama yako mdogo," alisema, akatulia kidogo. "Mwambie, asubuhi ile nilikuwa na neno. Nilikohoa, sikujua nimtume nani."

Mvua ilidondoka kwenye bati.

"Mwambie nyumbani anikimbie, ni vema, hivyo ndivyo tunavyoishi. Lakini humu ndani, mtoto akiwa mezani, awe nani, aletwe na nani, mwambie mimi sipo. Baba wa mtu yeyote hayupo. Mwambie aingie."

Akangoja, kama alivyozoea kungoja nyayo ndogo zirudi na jibu. Hazikurudi. Mdoli alilala mezani, shavu moja limechubuka rangi.

Asifiwe alisimama. Kanga ilibaki kichwani, macho chini. Alipita kando ya kona bila kutazama, akafika kichwani, akainua kidevu cha plastiki, akabana barakoa.

Sasa ilimbidi ahesabu kwa sauti, ndivyo walivyofundishwa, na baba mkwe wake hakuwa amewahi kusikia sauti yake.  Hezroni aliweka mikono yake kifuani pa mdoli, akangoja. Marta alisema polepole, "Dakika moja."

"Kamua," Asifiwe alisema, kwa sauti nyembamba, iliyopasuka. "Mbili. Tatu."

Kifua kikanyanyuka.

"Kamua, mbili, tatu."

Kwenye kona mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika chini ya koti, lakini hakugeuka wala hakukohoa. Sylvester alitoa amri kwa sauti ya chini, na kila amri ilirudiwa. Walilifanya zoezi hadi mwisho, kisha Sylvester akamwambia Hezroni aende kichwani na Asifiwe ubavuni, wakaanza upya, na mzee akabaki ukutani, akiwa hayupo.

Kifua cha mdoli kilipanda na kushuka, kikapanda. Macho yake yalikuwa yamefumba, kama yalivyofumba kila alipolazwa, na hakuna aliyetazamia yafumbuke.